Mkanda wa Riali 14

Safu: Kazi na Maneno Yake

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutawachukua wazee kwenda Salalah au kupanda Jebel Akhdar kwa magari ya foo-wili. Kwa hiyo safari hii safu yetu inaingia gereji. Nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja kilichomo ndani ya injini ambacho hakionekani, hakipigi kelele, na bei yake ni ndogo, lakini kukibadilisha ni kazi ya siku nzima. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi.

Sisi tunakaa Azaiba, upande wa bahari wa Barabara ya Sultan Qaboos. Ukivuka barabara hiyo unaingia Ghala, kwenye magereji na maduka ya spea. Gari letu ni Mitsubishi Pajero ya mwaka 2012, injini ya V6 ya lita 3.8. Baba alilinunua likiwa limeshatumika. Mwaka huu limefika kilomita 148,000, na katika karatasi zake zote hakuna pahala palipoandikwa kwamba mkanda wa taimingi umewahi kubadilishwa. Mkanda wa injini kama hiyo huhesabiwa kilomita 100,000 hivi, kisha hutolewa hata kama bado unafanya kazi.

Baba aliuliza bei akarudi na hesabu tatu. Wakala alitaka riali 230, kila kitu ndani. Fundi mmoja wa Ghala alitaka 144 kwa kazi kamili. Fundi huyohuyo akasema, mkitaka kubadilisha mkanda peke yake, basi ni 54. Fedha zilizokuwepo nyumbani zilikuwa akiba ya tikiti ya Bibi kwenda Unguja kumwangalia dada yake. Kwa hiyo Bibi alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza vizuri: "Mkanda wenyewe riali 14. Hizo nyengine za nini?"

Bibi Kiarabu anakijua, lakini hesabu za fedha huzifanya kwa Kiswahili. Fundi alieleza kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kihindi na Kiingereza, baba akafupisha, na maelezo yakapotea njiani. Ikabidi jambo lielezwe upya, kwa maneno ya nyumbani, mpaka mwenye fedha aridhike. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Tuanze na cherehani. Bibi ameshona miaka mingi, kwa hiyo hilo analijua kuliko fundi. Sindano hushuka na uzi, na chini yake pana ndoana inayozunguka na kuudaka uzi huo. Kila mmoja una wakati wake. Ndoana ikichelewa kidogo, mshono unaruka. Ikichelewa zaidi, sindano inaigonga na kuvunjika.

Injini ni vivyo hivyo. Chini kuna krenki, inayozungushwa na pistoni zikipanda na kushuka. Juu kuna kamshafti, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, ili hewa na petroli viingie na moshi utoke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, si zaidi wala si pungufu. Kinachozifunga pamoja ni mkanda wa mpira wenye meno. Katika Pajero yetu kuna kamshafti moja kila upande wa V, na mkanda huohuo mmoja huzungusha zote mbili, na pampu ya maji pia.

Sasa mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama hapohapo, lakini krenki na pistoni huendelea kwa nguvu ya mwendo. Valvu zilizobaki wazi hugongwa na pistoni zinazopanda. Valvu hupinda, na wakati mwengine pistoni nazo huumia. Hapo silinda hedi lazima zing'olewe, zipelekwe kwa mchongaji, valvu na gasketi zinunuliwe upya. Fundi wetu alikisia riali 500 hadi 700, akaongeza kwamba watu wengine huona bora kutafuta injini iliyotumika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa usioonekana kwa nje.

Fedha si hasara peke yake. Injini ikizimika ghafla, usukani unakuwa mzito, na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Wanaopanda Jebel Akhdar wanajua kwamba polisi wa kituo cha Birkat al-Mouz hawaruhusu gari lisilo foo-wili kupita, kwa sababu ya ukali wa mteremko. Ama njia ya Salalah ni kama kilomita 1,000 kutoka Maskati, na baada ya Adam ni jangwa refu. Sisi tulipanga kwenda huko mwezi wa saba, wakati wa kharifu, na Bibi akiwa amekaa kiti cha mbele.

Mkanda huu hautoi taarifa. Breki zikiisha hulia. Betri ikichoka, gari huwaka kwa shida. Mkanda wa taimingi hufanya kazi leo kama jana, mpaka dakika inayokatika. Tena hauzeeki kwa kilomita tu. Mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto, na joto la Maskati sisi tunalijua. Oili ikivuja juu yake, huzeeka haraka zaidi. Gari linalokaa barazani na kutembea Ijumaa peke yake linaweza kuwa na mkanda mzee na kilomita chache.

Turudi kwenye swali la Bibi. Riali 144 zinakwenda wapi? Fundi alituandikia hivi: mkanda 14, rola ya kukazia 9, rola ya kuongozea 8, kikazio cha haidroliki 24, pampu ya maji 28, sili za mbele za krenki na kamshafti 7, maji ya rejeta 6, mkanda wa nje unaozungusha altaneta 8. Jumla ya vifaa ni 104. Kazi ni 40.

Mimi na baba tulikwenda naye siku ya kazi, na nilichokiona ni kwamba ile 40 hailipi kuvisha mkanda. Kuvisha mkanda ni kazi ya dakika chache. Inalipa kuufikia. Kwanza maji ya rejeta yanamwagwa, feni na kava yake zinatoka. Mikanda ya nje inatoka. Altaneta na kompresa ya ese zinalegezwa na kusogezwa. Kisha inakuja bolti ya puli ya krenki, ambayo imekazwa kwa nguvu nyingi sana na imekaa miaka. Fundi alitia bomba refu kwenye mpini wa spana, msaidizi wake akaizuia puli isizunguke, na walihangaika nayo karibu nusu saa. Ilipolia "ta!" wote wawili walicheka. Baada ya hapo ndipo kava za plastiki zikatoka na mkanda ukaonekana.

Kabla ya kuutoa, fundi aliizungusha injini kwa mkono mpaka alama za krenki na za kamshafti zote mbili zikakaa mahala pake. Akazitia alama za ziada kwa rangi nyeupe. Mkanda mpya ukikaa pembeni kwa jino moja tu, gari litatetemeka na kukosa nguvu. Ukikosewa zaidi, ni yale ya sindano na ndoana. Alipomaliza kuvisha aliizungusha tena krenki mizunguko miwili kamili, kwa mkono, akatazama alama upya kabla ya kugusa ufunguo. Nawaombeni mlishike hilo: fundi anayeruka hatua hii, muulizeni kwa nini.

Tulianza saa mbili asubuhi. Gereji ikafungwa saa saba mchana kama kawaida, ikafunguliwa saa kumi, na gari likawaka saa kumi na mbili na nusu. Kazi yenyewe ni saa saba na nusu za watu wawili kwa riali 40. Mimi sioni kwamba ni ghali.

Ndiyo maana ile bei ya 54 inadanganya. Tulipiga hesabu na Bibi mezani. Tuseme tumebadilisha mkanda peke yake, na baada ya mwaka pampu ya maji ikaanza kuvuja. Pampu ile iko nyuma ya kava hizohizo. Itabidi tulipe pampu 28, maji 6, kazi 40 tena, na mkanda mpya 14, kwa sababu uliorowa maji ya rejeta haurudishwi. Jumla ni 88. Ongeza zile 54 za mwanzo, unapata 142. Tumeokoa riali mbili, tumepoteza siku mbili, na rola na kikazio bado ni vya zamani. Rola ikikwama, mkanda mpya unaweza kukatika vilevile.

Na mkanda ulipotoka tuliona sababu kwa macho. Ukiukunja, nyufa ndogo zilionekana kwenye mashina ya meno. Sili ya krenki ilikuwa imeanza kulowesha oili, na ukingo mmoja wa mkanda ulikuwa mweusi unaong'aa. Chini ya pampu palikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Rola ya kuongozea, kusema kweli, ilikuwa bado nzima. Lakini ni riali nane, na kuirudia ni 40.

Hesabu ya mwisho ndiyo iliyompendeza Bibi. Riali 144 kwa kilomita 100,000 ni chini ya baisa moja na nusu kwa kilomita. Sisi hutembea kama kilomita 25,000 kwa mwaka, kwa hiyo kazi hii ni riali 36 kwa mwaka, yaani tatu kwa mwezi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Unguja haihami. Tengenezeni gari." Tikiti yake sasa inangojea mwezi wa kumi na mbili, na mimi na kaka yangu tumeanza kuichangia. Dada yake ana miaka zaidi ya themanini, kwa hiyo tunachanga mbiombio.

Kwa wenye magari nyumbani, mambo ya kushika ni haya. Kwanza, julikana kama injini yenu ina mkanda au cheni, maana cheni haina ratiba kama hii. Prado ya petroli ya lita 4.0 ina cheni. Land Cruiser yenye V8 ya lita 4.7 ina mkanda, na ile hadtopu ya dizeli ya lita 4.2, injini ya 1HZ, ambayo jamaa zetu wa Afrika Mashariki wanaitegemea sana, nayo ina mkanda. Pili, gari likiwa limetumika na karatasi hazisemi kitu, lihesabieni kwamba mkanda haujabadilishwa. Magari yanayotoka Japani mara nyingi huwa na kibandiko ndani ya boneti kinachoonesha mkanda ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Kitafuteni kabla hakijasafishwa. Tatu, ombeni bei ya kazi kamili kwa maandishi, kila kifaa na bei yake, na ombeni vifaa vya zamani mrudishiwe. Nne, mkimaliza, andikeni tarehe na kilomita mkabandike wenyewe. Yetu tumeiandika kwa Kiswahili na Kiarabu.

Na sasa maneno, kama kawaida ya safu hii. Mengi tuliyoyatumia ni ya kuazima ambayo mafundi wa pwani wameshayafanya yao: pistoni, valvu, krenki, rejeta, gasketi, sili, puli, spana. Bibi hayakumpa tabu. Rejeta na spana alikuwa akiyatumia kabla baba hajazaliwa. Lililomtatiza ni "taimingi". Nilipomwambia ni mkanda unaofanya kila kitu kiende kwa wakati wake, alisema, "Basi huo ni mkanda wa majira." Mimi nimelipenda, lakini sina mamlaka ya kulipitisha. Walimu wetu watatuambia kama linafaa, au tubaki na la mafundi. Mwenye neno jengine alisikialo nyumbani kwao, aliandike na kulitia katika sanduku la klabu kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jina la mji alikolisikia.