Siri haijengi urafiki

Tamthilia ya Marekani Yellowjackets, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, inawafuata wasichana wa timu ya soka ya shule huko New Jersey ambao ndege yao ilianguka porini mwaka 1996. Walikaa huko miezi 19, na miaka 25 baadaye walionusurika bado wanaficha waliyoyatenda. Watazamaji wengi hukimbilia kuuliza nani alikufa na nani anawatishia. Naamini fumbo kubwa ni jingine: je, siri inaweza kushika nafasi ya urafiki? Mtazame Misty, mmoja wa walionusurika. Usiku mmoja huko porini anawasikia wenzake, ambao shuleni hawakumjali, wakisema wangeangamia bila yeye. Anakwenda kukivunjavunja kisanduku cheusi cha ndege, kilichokuwa tumaini lao la kuokolewa. Kwake, kuhitajiwa ni bora kuliko kurudi nyumbani.

Wapo wanaosema damu imezidi na kwamba kinachouzwa ni hofu tu. Hoja yao ina uzito. Lakini iondoe damu yote, bado utabaki na wanawake watu wazima wanaopigiana simu kwa kuogopana, si kwa kupendana. Siri imewafunga kamba moja, haijawaunganisha mioyo.