Maua Yameenda, Machicha Je?

Panda matatu Nakuru tauni, pitia Lanet, uanze kupandisha kwenda Dundori. Baridi inakupokea kabla ya makanga kudai nauli. Huku ni viazi, maziwa, na siku hizi tena pareto. Serikali ya kaunti imekuwa ikigawia wakulima miche, na vijana tunaambiwa: wachaneni na kukaa base, kuna doh shambani.

Sawa. Lakini kabla mbogi yetu haijashika jembe, nina swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye mkutano wowote wa chifu. Kiwanda kikishatoa dawa kwenye maua, kinachobaki ni cha nani?

Shosho wangu alikijua. Alikiita machicha, kama yale ya pombe. Yalikuja kwa gunia, unga wa kijani uliofifia, na ng'ombe waliyala vizuri tu. Alikuwa amekuza maua, akayauza, halafu akarudi kununua mabaki yake kwa pesa zake. Hakuona ajabu. Mimi nilikuja kuiona nikiwa chuo, kabla sijaacha masomo, siku tuliyofundishwa kutenganisha kemikali.

Stori ni hii. Maua makavu husagwa, kisha unga huoshwa kwa heksani, kimiminika kinachotokana na mafuta ya petroli. Heksani inabeba pairethrini, ile sumu inayoua wadudu. Baadaye inapashwa moto, inageuka mvuke, inanaswa na kutumika tena. Kinachobaki ni mafuta mazito meusi, ambayo nayo husafishwa ili kutoa nta na rangi. Hiyo ndiyo mali inayosafiri ng'ambo.

Sasa piga hesabu. Pairethrini kwenye maua makavu ni kama asilimia 1 hadi 2 hivi. Kwa kilo 100 za jasho lako, dawa ni kilo moja na ushei. Hata ukiondoa nta na mafuta mengine, sehemu kubwa ya mzigo uliobeba mgongoni inageuka machicha. Na mkulima hulipwa kulingana na kiwango cha pairethrini. Machicha hayapo kwenye risiti.

Na si takataka. Yanalisha ng'ombe, na kwa sababu bado yana dawa kidogo, unga wake hutumika kutengeneza zile koili za kufukuza mbu. Wakulima wa miwa kule magharibi waliamka kitambo: wamepiga kelele miaka mingi walipwe pia kwa molasi na makapi ya miwa, si sukari peke yake. Sisi wa pareto tumenyamaza.

Mtu atasema, kiwanda ndicho kilichonunua mashine, kikalipa stima na wafanyakazi, kwa hivyo mabaki ni yake. Ni hoja ya haki, siipuuzi. Lakini basi bei ya maua ionyeshe kwamba mnunuzi anapata vitu viwili, si kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna upande mwingine, na huo ni wa afya zetu. Heksani si maji. Inashika moto haraka, na mfanyakazi anayeivuta kwa muda mrefu inaweza kumharibu neva za mikono na miguu. Machicha yakitoka kiwandani bila kuondolewa heksani vizuri, anayefungua gunia ni mama wa boma. Na maji machafu ya kiwanda? Pairethrini huvunjika upesi juani, lakini ni hatari kwa samaki na nyuki. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia mle, kinakaa nasi.

Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, kisha miaka ya 2000 wakulima wengi wakang'oa kwa kungoja malipo yasiyofika, na Tasmania kule Australia ikatupita. Sheria ya Pareto ya 2013 ilifungua soko kwa wanunuzi binafsi. Kwa hivyo sasa kuna mikataba mipya inayoletwa mashambani kutiwa saini, na huu ndio wakati wa kusoma maandishi madogo.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, kila mkataba wa pareto utaje machicha: ama mkulima alipwe sehemu yake, ama auziwe kwa bei ya chini kuliko mtu wa nje. Pili, kila gunia la machicha liwe na matokeo ya vipimo vya heksani, yaandikwe kwa lugha ambayo shosho anaelewa. Tatu, kaunti inapogawa miche, igawe pia habari kuhusu maji machafu yanakoelekea. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuuliza, na cha 42 haki ya mazingira safi.

Na wewe msee wa Dundori unayepanga kupanda robo eka: panda. Hii si stori ya kukuvunja moyo. Ila siku mnunuzi akikuja na kalamu, muulize swali moja kabla ya kutia saini. Maua nimekupa, machicha je?