Maoni: Tusilitukuze gari tukamsahau fundi

Mwezi wa kwanza 2022, huko Florida, Marekani, gari moja la Mercury la mwaka 1951 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Halikuwa gari la mfalme wala la rais. Lilikuwa gari la kawaida ambalo garaji ya ndugu wawili, Sam na George Barris, ililikata na kulipa sura mpya huko California mwaka 1952, kwa ajili ya kijana aitwaye Bob Hirohata. Mwaka 1959, kijana mwingine alilinunua kwa dola 500 tu.

Kutoka dola 500 hadi dola milioni 2: hiyo thamani ilitoka wapi, na nani aliifaidi?

Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana wa California walikuwa na feza kidogo na hamu kubwa. Wamoja walitafuta mbio: walipunguza uzito wa gari na kuweka motere yenye nguvu. Wengine walitafuta sura. Mwaka 1955 Chevrolet ilileta motere mpya ya V8, lita 4.3, nguvu ya farasi 162, ndani ya gari la bei ya mtu wa kawaida. Gari hilo, na ndugu zake wa 1956 na 1957, wakapendwa na pande zote mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alishusha gari karibu na barabara. Alitoa vitasa vya milango na alama za kampuni, akaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha akasugua kwa tupa mpaka chuma kikawa laini. Meno ya mbele ya DeSoto yaliingia kwenye mdomo wa Chevrolet. Vifuniko vya magurudumu vilitoka kwa Cadillac au Oldsmobile. Viti, wengi walikwenda kuvishonesha Tijuana, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu mafundi wa Meksiko walishona vizuri na kwa bei nafuu. Na ile rangi nyekundu inayong'aa kama pipi ilipata sifa kwa mikono ya Joe Bailon, fundi mwenye asili ya Meksiko: chini dhahabu au fedha, juu tabaka nyingi za rangi inayopitisha mwanga.

Fundi mzuri alijua pia pa kuacha. Kioo cha mbele cha magari ya 1955 kinazunguka hadi pembeni, na kukikata ni taabu. Kwa hiyo wengi hawakugusa paa. Kazi bora ni ile ambayo ukiitazama hujui wapi mkono ulipita.

Leo gari kama hilo linafungiwa ndani ya jumba la tajiri. Watu watasema mnada unalinda urithi. Ni kweli, unalinda chuma. Lakini ujuzi wa kuziba kwa risasi bila kuunguza bodi haukai ndani ya chuma, unakaa ndani ya mikono, na unahama tu pale mzee anapomwachia kijana akosee. Nani atamwachia kijana akosee juu ya gari la dola milioni 2?

Sipingi mambo mapya. Mwenye kuweka breki za kisasa kwenye Chevrolet ya 1955 anaokoa maisha. Risasi nayo ni sumu, na mafundi wengi zamani waliivuta bila kinga. Ninachopinga ni kuhesabu bei na kuacha kuhesabu watu. Majina ya wenye garaji kubwa yanajulikana. Ya wale waliosugua tupa usiku kucha, mara nyingi hayajulikani.

Tusicheke Wamarekani. Hapa Goma tumeisimamishia chukudu sanamu katikati ya mji, na tunapiga picha mbele yake. Lakini nani anajua jina la fundi aliyechonga chukudu ya kwanza? Katika garaji za Goma, Bukavu na Uvira, kuna vijana wanaonyoosha bodi iliyopondeka mpaka mwenye gari anashangaa. Wamejifunza kwa macho, hawana karatasi, na siku mwalimu wao akifariki, nusu ya ujuzi inazikwa naye.

Wakubwa wa mkoa wanaweza kuwapa vyeti vya kazi wanayoifanya tayari. Shule za ufundi zinaweza kuwaita wazee wa garaji wafundishe, hata kama hawana diploma. Na wewe msomaji, ukilichukua gari lako limepona, muulize jina yule aliyelishika kweli, si patroni peke yake. Liandike. Mlipe yake.

Sanamu tunayo tayari. Tunachokosa ni daftari la majina.