Walokole Wetu Nao Waandikwe

Mwaka 1666, akiwa mfungwa huko Lancaster, Uingereza, Margaret Fell alitoa kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Miaka kumi baadaye Robert Barclay, Mskoti ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza, alichapisha kwa Kilatini utetezi wa imani ya kundi lao, Wakristo walioitwa Marafiki, ambao wapinzani waliwaita Wakweka. Aliupanga kwa hoja 15, akamwelekezea Mfalme Charles II bila kumbembeleza. Wakati huo kukataa kula kiapo kulitosha kumpeleka Rafiki gerezani, na maelfu walikwenda. Walidharauliwa, lakini waliandika.

Msomaji wa Kayanga au Nkwenda atauliza: ya Lancaster yanatuhusu nini? Marafiki wenyewe walifika Pemba na Kaimosi, Kenya, si kwetu. Ila watu wa aina yao tunao. Miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, na kutoka huko wakaenea Walokole: watu waliosimama mbele ya kusanyiko wakataja dhambi zao moja moja, wakarudisha vya wizi, wakagoma kunywa pombe ya matambiko. Koo ziliwaona wasaliti. Makanisa nayo hayakuwa na subira. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 Walokole.

Utetezi wao uko wapi? Askofu Josiah Kibira, mtu wa uamsho, aliandika juu ya kanisa na ukoo katika Buhaya. Kitabu kilitoka Sweden mwaka 1974, kwa Kiingereza. Bibi wa Kyerwa aliyeshuhudia maisha yake yote kwa Kinyambo hana hata ukurasa mmoja.

Wapo wanaosema ushuhuda ni wa Roho, ukitiwa kwenye karatasi unapoa. Marafiki nao waliiweka nuru ya ndani juu ya maandishi yote, na bado walichapa vijitabu bila kuchoka. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa jingine. Tangu 1673 kamati yao ya London ilisoma kila mswada kabla haujachapwa, na yenye makali ikapunguzwa au ikawekwa kando. Kishawishi hicho kila mhariri anakijua.

Kwa hiyo shuhuda za toleo hili hatukuzilainisha. Yumo mnunuzi wa butura, yaani kahawa inayonunuliwa ikiwa bado mtini, aliyeokoka akarudishia familia kahawa yao. Wamo pia wazee wanaowalaumu wachungaji, na lawama zao zimebaki kama zilivyosemwa.

Kama mzazi au jirani yako ni Mlokole wa zamani, muulize alikataa nini, nani alimtenga, na alijibu nini. Andika kwa maneno yake, utuletee. Kinyambo tunakipokea sawa na Kiswahili.