Dhamiri ya Ofisa na Haki ya Raia

Mtumishi wa umma aliyekaa katika dirisha la ofisi ya Serikali anawatumikia raia wote, au wale tu ambao imani yake inawakubali? Swali hilo liliisumbua Afrika ya Kusini kwa miaka 14, na jibu lake linastahili kutafakariwa na kila aliyekabidhiwa dhamana ya umma.

Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1996 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 15. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 9, inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake, kwa dini yake, au kwa kuwa anampenda mtu wa jinsia moja naye. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuwanyima watu hao haki ya kufunga ndoa ni kuivunja Katiba. Bunge lilipotunga sheria mwaka 2006 halikulilazimisha kanisa wala msikiti wowote kufungisha ndoa hizo. Lakini kifungu cha 6 kilimruhusu pia ofisa wa Serikali kukataa kwa sababu ya dhamiri yake.

Mamia ya maofisa waliitumia ruhusa hiyo, na zikawako ofisi ambamo hakubaki hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo. Raia mlipa kodi alifika mlangoni mwa Serikali yake, akarudishwa. Ndiyo maana mwaka 2020 kifungu hicho kilifutwa, na maofisa waliokwisha kuruhusiwa wakapewa muda wa mpito.

Wapo waliodai kwamba dini imeonewa. Hoja yao haifai kudharauliwa, kwani dhamiri ya dini ndiyo iliyompa Askofu Desmond Tutu ujasiri wa kuwakabili Makaburu. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba sheria ya mwaka 1949 iliyoharamisha ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine nayo ilitetewa kwa Maandiko, hadi ilipofutwa mwaka 1985. Imani ya mwenye madaraka ikigeuzwa kipimo cha haki ya mnyonge, hakuna aliye salama.

Waumini wenyewe wanaihitaji kinga hiyo. Mwaka 2022 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kutozitambua ndoa za Kiislamu katika sheria za ndoa na talaka ni kinyume cha Katiba, na haki ya usawa ilikuwa miongoni mwa misingi ya uamuzi huo.

Padri, mchungaji na shehe wangali huru kufundisha na kukataa kwa mujibu wa imani zao. Ofisa naye yu huru kusali na kuamini apendavyo. Lakini muhuri ulio mezani pake si mali yake. Amekabidhiwa na raia wote, na hana budi kuwatumikia wote.