Nyoka hakutumwa na mtu, tulimjengea nyumba

Mtu akiumwa na nyoka huku kwetu, iwe Kibabi, Ngungu ama Rubaya, mara nyingi swali la kwanza si "tumpeleke kituo gani cha afya?" Swali ni "nani amemtuma huyu nyoka?" Ndipo macho yanageukia mama mzee anayeishi peke yake, au familia ya wakimbizi iliyofika juzi na ambayo hakuna anayejua ukoo wake. Ndugu wasikilizaji, nyoka huyo hakutumwa na mtu. Alikuja kutafuta mahali pa kujificha, na mahali hapo tulimtengenezea sisi wenyewe bila kujua.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga nyoka nyumbani kama sisi tunavyofuga kuku. Wanamweka ndani ya sanduku la kioo, na ndani yake wanamtengenezea maficho. Wengi hawanunui. Wanachukua chungu kilichovunjika, katoni iliyotobolewa tundu, ganda la mti au mawe bapa. Kanuni zao ni chache. Maficho yawe na giza. Yawe membamba, mwili wa nyoka uguse kuta. Mlango uwe mdogo. Tena yawe mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, kwa sababu mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha, unalitafuta nje. Nyoka asiye na maficho anaishi kwa woga, na mara nyingi anakataa kula.

Sasa tuangalie nyumba zetu kwa macho ya huyo nyoka. Kuni zimerundikwa kwenye ukuta, hatua mbili kutoka mlangoni: hapo pana giza na pembamba. Pembe za bashi tumezikandamiza kwa mawe, na chini ya kila jiwe kuna tundu. Tunalala juu ya majani makavu yaliyotandikwa chini, karibu na mafiga yenye moto, maana usiku wa Masisi ni baridi. Gunia la maharagi liko kwenye kichwa cha kitanda, na panya wanalijua. Tumempa maficho, joto na chakula. Hahitaji mchawi wa kumwonyesha njia.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaorudi. Mwezi wa pili 2025 kambi nyingi za kuzunguka Goma zilipobomolewa, familia nyingi zilirudi Masisi na kukuta nyumba zilizofungwa kwa miezi, hata miaka, na majani yamefika dirishani. Nyumba ambayo haijakaliwa ni maficho makubwa yenye paa la manjanja. Usimtume mtoto aingie kwanza kutoa vitu. Aingie mtu mzima mwenye bote, mchana, mlango na dirisha vikiwa wazi, akiwa na fimbo ndefu. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijafika.

Kwa hiyo naomba salongo, ile ile tunayofanya kwa barabara na kwa chemchemi. Majani yafyekwe kuzunguka nyumba na vibanda. Kuni zitolewe ukutani, ziwekwe mbali na mlango, juu ya miti miwili ili chini pabaki wazi. Pembe za bashi zifukiwe kwa udongo uliokanyagwa, siyo kwa mawe. Chakula kikae ndani ya bidoni au ndoo yenye kifuniko. Mwenye uwezo alale juu ya kitanda cha miti. Chandarua tulichopewa kwa ajili ya malaria kichomekwe vizuri chini ya mkeka, kwa maana kinazuia nyoka pia. Kile kinachozungushia bustani ya mboga kirudi nyumbani. Na usiku tusiende chooni bila tochi, hata ile ya simu.

Wengine watasema ninamwongezea kazi mama aliyekimbia mara tatu na asiye na panga wala jembe. Ni kweli. Ndiyo maana maneno haya si ya mama huyo peke yake. Wanaogawa bashi wagawe na jembe na panga hata kwa kundi la familia kumi. Wenye kupanga kambi waache nafasi kati ya kibanda na kibanda, ili mtu apate pa kuweka kuni zake.

Sisemi tuue kila nyoka. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na wengi wanakula panya wanaomaliza maharagi yetu. Watu wengi wanaumwa wakijaribu kumpiga au kumshika. Rundo la mawe lililo mpakani mwa shamba, mbali na njia ya kwenda kuteka maji, tumwachie, ila watoto waambiwe wasichezee hapo. Katika misitu ya Walikale kuna moma mwenye rangi za majani makavu. Yeye hakimbii ukikaribia, analala kimya mpaka umkanyage. Huko bote ni lazima.

Kujikinga kuna uzito kwa sababu dawa ni shida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka sumu ya nyoka inaua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani. Kiwanda cha Ufaransa, Sanofi Pasteur, kiliacha mwaka 2014 kutengeneza dawa iliyotumiwa sana dhidi ya nyoka wa Afrika, na akiba yake ya mwisho ilipita tarehe 2016. Dawa nyingine zipo, lakini ni ghali, nyingi zinahitaji friji, na sisi tunajua barabara zetu na umeme wetu. Viongozi wa zoni za afya watuambie redioni, kabla ya mvua: dawa iko hospitali gani, na nani analipa?

Mtu akishaumwa, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Jiwe jeusi halitoi sumu, linakula saa tu. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Funga fimbo kwenye mguu au mkono ili usitikisike, mtulize, kisha kipoyi au moto, moja kwa moja mpaka kituo cha afya. Saa mnayotumia kwa mganga wa kufichua mchawi ndiyo saa anayokosa mgonjwa.

Wachungaji, mapadri, wazee na machefu wa vijiji, neno lenu hapa lina nguvu kuliko la redio. Na salongo ijayo ianze na rundo la kuni lililo karibu na mlango wa yule mama mzee anayeishi peke yake. Hana nguvu za kulihamisha, na jirani akiumwa, ni yeye watakayemnyooshea kidole.