Hesabu ya Kisichouzwa

Ukitaka kujua mawese yanayoliwa Rumonge, stakabadhi za viwanda hazikutoshi. Mengi hukamuliwa kwa mitambo midogo ya wakulima kandokando ya ziwa na kuishia chunguni, wala mama hajiandikii risiti.

Ndivyo ilivyo kwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta alioutoa Linus Torvalds mwaka 1991. Hupatikana bure, nakala moja yaweza kuwekwa katika mashine mia. Wahesabuo mauzo huuona mdogo. Wahesabuo tovuti, kama Netcraft ya Uingereza tangu 1995, hawazioni kompyuta zinazohudumia ofisi kwa ndani. Afisa ugavi na azihesabu mashine zenyewe, chumba kwa chumba, kabla ya kutia sahihi ankara ya leseni.